Sufuria la Mtaa na Mvinyo wa Mtaliano

Chupa ilikuwa na karatasi nyeupe tumboni, na karatasi ile ilinitia shaka tangu mwanzo, kwa sababu ilikuwa na adabu kupita kiasi. Kitaliano sikijui, lakini mtu aliyefundisha Kireno zaidi ya miaka ishirini anaweza kukipapasa Kitaliano kama anayetafuta kiberiti umeme ukikatika. Kwa kadiri nilivyopapasa, karatasi ilisema kwamba huu ni mvinyo mwekundu wa zabibu za aina tatu zilizochanganywa. Kwamba ni laini, hauna makuu, hauhitaji utaalamu wowote kuunywa. Na kwamba unapatana sana na chakula kizito: nyama iliyokaa motoni muda mrefu, tambi zenye mchuzi mwingi, jibini iliyokomaa. Kwa kifupi, ulikuwa mvinyo rafiki wa kila mtu. Mimi nimezaliwa hapa Palma, pwani ya kaskazini ya Msumbiji. Nimeshaona wengi waliokuja huku wakiwa rafiki wa kila mtu, na kila mara nimetaka kujua wamekuja kuchukua nini.

Aliyenipa alikuwa fundi wa mitambo, Mtaliano wa makamo kama mimi, aliyekuwa akifanya kazi upande wa gesi. Mwaka jana alikuja shuleni kwetu akitafuta mtu wa kumfundisha salamu za Kiswahili. Alitaka salamu tu. Akaangukia kwangu, mtu nisiyeweza kusema “hujambo” bila kueleza imetoka wapi, akajikuta anasomeshwa ngeli za nomino. Alivumilia. Mkataba wake ulipokwisha akaja kuniaga na chupa aliyoiviringisha ndani ya fulana.

“Si mvinyo wa sherehe,” akaniambia kwa Kireno chake cha kuchechemea. “Ni wa nyumbani. Mama yangu huuweka mezani siku ya nyama.” Akaonyesha kwa mikono miwili ukubwa wa nyama yenyewe, akacheka, akaenda zake.

Nilikaa na ile chupa nikijiuliza anataka nini. Hakutaka kitu, na hilo ndilo lililonisumbua zaidi, maana mtu anayetaka kitu unajua pa kumshika.

Hapa niseme jambo ambalo mtaa wote unalijua, ili nisionekane nalificha. Mimi ni Mwislamu wa nyumba ya Waislamu, lakini nilisoma chuo kikuu Maputo, na kule bwenini mvinyo tuliufahamu, ule wa bei ya chini uliokuja kwenye madumu. Niliacha zamani. Tatizo la kuacha kimyakimya ni kwamba hakuna anayejua umeacha. Nilipoanza kunywa habari zilifika Palma kabla yangu. Nilipoacha, habari zilikosa usafiri.

Kwa hiyo kuinywa nilisema sitainywa. Kuimwaga nilisema ni kumdharau mama wa watu. Nikaamua kumpa mtani wangu.

Mtani wangu ni mwalimu wa hesabu pale shuleni, Mmakonde Mkristo kutoka Mueda, aliyepanga chumba Quitunda, katika zile nyumba za matofali zilizojengewa watu waliohamishwa kupisha gesi. Mke wake yuko bara. Sisi watu wa pwani na wao wa bara tuna utani, na asiyeujua utani anaweza kudhani tunachukiana. Mtani akikuambia umekufa, unamjibu atachelewa mazishi. Akisema jambo lolote huna haki ya kukasirika, wala huna njia ya kujua kama ni kweli. Ameruhusiwa na mababu kusema uongo, na huyu wangu hakuwahi kuipoteza bure ruhusa hiyo.

Nilipomsomea karatasi ya chupa akaisikiliza kama hesabu ya mtihani.

“Chakula kizito,” akasema. “Basi nyinyi watu wa pwani hamhusiki. Nyinyi mnakula samaki na hewa.”

“Tunakula nyama.”

“Mnailamba. Mimi nimeahidiwa mguu wa mbuzi, mbuzi mzee, yule aliyekuwa anakula karatasi za mitihani. Lete chupa Jumamosi, mimi napika. Ila chombo sina. Kisufuria changu kinatosha yai moja, tena likijikunja.”

Nami, kwa ukarimu ambao hugharamiwa na watu wengine, nikasema chombo nitaleta mimi.

Sasa lazima nieleze habari za masufuria. Naishi na dada yangu mkubwa, mjane, na katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu yamo masufuria matatu ya mtaa. Ni mali ya wanawake wote. Hupikiwa harusi, Maulidi, hitima; hutoka siku hizo tu na hurudi siku hizo hizo. Anayeyatunza hachaguliwi kwa kupiga kura. Wanawake humtazama mtu miaka mingi, wakitazama jiko lake, mikono yake, na anayoyaingiza nyumbani mwake, hadi siku moja masufuria yanajikuta kwake. Tulipokimbia vita, watu walibeba magodoro, walibeba kuku, mmoja alibeba mlango. Dada yangu alichimba shimo jikoni akayazika masufuria, kisha akaondoka na kanga mbili. Tuliporudi nyumba haikuwa na paa, lakini alipofukua yalikuwepo yote matatu, yamejaa mchanga. Wanawake walipiga vigelegele ambavyo sijavisikia tena hata kwenye harusi. Tangu siku hiyo hakuna anayeongea juu ya dada yangu bila kutaja masufuria. Hana mume, hana mtoto, hana cheo. Ana hayo.

Naye alikuwa kijiji cha Mute, shambani, na angerudi Jumatatu.

Nilichukua lile dogo, ambalo bado lingelisha watu ishirini. Nilijiambia mambo mawili. La kwanza, mbuzi ni halali, nilikuwepo alipochinjwa. La pili, mvinyo utakuwa kwenye kikombe cha mtani na nyama itakuwa kwenye sufuria, na kati ya viwili hivyo kuna meza. Ndiyo faida ya elimu ya juu: mtu anaweza kujijengea hoja nzuri kabla hata hajafanya kosa.

Nilipanda pikipiki nimelipakata lile sufuria kama mtoto mchanga, ndani yake mna viazi, vitunguu, na ile chupa katikati, juu nimefunika kwa karatasi za majaribio ya darasa la kumi. Kwenye kizuizi askari akanisimamisha, akafunua karatasi, akaona chupa. Akanitazama, akaitazama, akafunika tena taratibu.

“Kuna harusi, profesori?” akauliza, maana kwetu mwalimu yeyote huitwa hivyo kwa Kireno.

“Masomo,” nikajibu, sijui kwa nini.

Aliniruhusu kwa tabasamu ambalo sikulipenda. Kutoka pale hadi Quitunda niliona kila aliyepita njiani akilitazama sufuria, na kila aliyelitazama nilimhesabu kuwa shahidi.

Mtani alikuwa amekwisha washa moto uani. Alikata nyama, akakaanga vitunguu, akaweka chumvi akinitukana kwa kila hatua. Wakati wa alasiri ulipofika nikaingia chumbani mwake kuswali. Niliporudi, chupa ilikuwa imefunguliwa, imepungua zaidi ya theluthi, na yeye ameshika kikombe cha plastiki.

“Umeanza mapema,” nikasema.

“Nilikuwa naangalia kama kina sumu. Mtu wa pwani akikupa kitu bure, onja kwanza.”

Tulikula magharibi haijaingia. Mimi nilijimiminia maji. Nakiri kwamba nilikinusa kikombe chake kilipopita. Kilinuka matunda yaliyosahauliwa kabatini, na kidogo pilipili manga. Kisha nikatia nyama mdomoni.

Ilikuwa laini. Hili naomba lieleweke. Mbuzi yule alikuwa ametembea maisha yake yote kati ya shule na soko, alikuwa na ndevu kunishinda mimi, na hakuwa na haki yoyote ya kuwa laini vile baada ya saa mbili za moto. Mchuzi ulikuwa mwekundu wa kukolea, mzito, na nyuma yake kulikuwa na ukali mtamu ambao nyanya peke yake haiuleti.

“Umetia nini humu?” nikauliza.

“Mapenzi.”

“Mtani.”

“Nimetia mvinyo. Ulipokuwa unaniombea kule ndani.” Akacheka mpaka akakohoa. “Tayari umeshakula, profesori! Karibu kanisani!”

Hivyo ndivyo alivyosema. Wiki iliyotangulia alikuwa ameniambia kwa uso mkavu kwamba nyoka ameingia ofisini kwangu, na wiki kabla ya hiyo kwamba mkuu wa shule amefariki. Nikamtazama usoni nikitafuta mkunjo wa kweli au wa uongo. Sikuuona wowote. Na badala ya kuuliza tena, nikaongeza nyama. Nilikula sahani tatu. Nimefikiria sana juu ya sahani ile ya pili, maana ya kwanza naweza kujitetea. Shaka yangu ilikuwa imeketi pale mezani, imeshiba, nami niliifanya kinga: madhali sijathibitisha, sijui, madhali sijui, nipe na ile ya mfupa.

Jumapili nililisugua lile sufuria. Nililisugua kwa majivu, kwa sabuni, kwa mchanga, kwa sabuni tena. Nililisugua ndani, nikalisugua nje, nikaligeuza nikasugua kitako. Lilipomaliza kukauka niliweza kuuona uso wangu ndani yake, na sikupendezwa, nikalirudisha chumba cha nyuma katikati ya wenzake.

Dada alirudi Jumatatu mchana na gunia la mihogo. Hitima ya arobaini ya jirani yetu, mzee aliyekuwa akishona kofia, ilikuwa Ijumaa, kwa hiyo akaenda moja kwa moja kukagua masufuria.

“Bwana mdogo. Njoo.”

Nikaenda. Mawili yalikuwa na vitako vyeusi, masizi ya miaka kumi yaliyogandamana kama ngozi. La tatu liling'aa kama taa ya gari.

“Nani amelisugua hili?”

“Mimi, dada. Nimeona nikusaidie.”

“Wewe.” Akalizungusha. “Wewe ambaye kikombe chako cha chai kina bustani ndani. Hakuna mwanamke anayesugua masizi ya kitako, hayo masizi ndiyo utu uzima wa sufuria. Umepika nini?”

“Mbuzi.”

“Na nini?”

“Viazi.”

“Na nini?”

“Vitunguu, nyanya kidogo.”

“Na nini?”

Nilikuwa na umri wa miaka hamsini na mbili, nina shahada, na nikasikia sauti yangu ikirudi utotoni. Nikamweleza yote: Mtaliano, chupa, Quitunda, alasiri, theluthi iliyopungua. Alisikiliza mkono ukiwa juu ya mdomo wa sufuria, kama anayeliziba masikio.

“Huyo mtani wako anasema alitia?”

“Anasema.”

“Ni kweli?”

“Dada, ni mtani.”

Akaelewa. Akaketi juu ya gunia la mihogo.

“Ulipoona ladha si yake, uliacha kula?”

Nikavitazama vitako vyeusi vya yale mawili.

“Uliongeza,” akasema. Wala hakuwa anauliza. “Watu wananiamini kwa sababu ya shimo nililochimba. Wewe umenichimbia jingine.”

Nilipendekeza tunyamaze. Nilisema hakuna aliyeona. Akanikumbusha pikipiki, kizuizi, na Quitunda nzima. Nilisema tutumie mawili yaliyobaki. Akasema wanawake wataliuliza la tatu kabla ya kuuliza hali yangu. Nilisema pengine mtani alidanganya. Hapo akainuka.

“Basi twende tukamnunue,” akasema.

Kwetu mtani ana haki yake. Akikuvamia na utani siku ya msiba au siku ya shida, unampa kitu, na akishapokea anawajibika kusema neno moja la kweli kabla hajarudia upuuzi wake. Vijana siku hizi hutoa soda. Dada yangu alishika kuku.

Tulimkuta uani kwake Quitunda akisahihisha madaftari. Alipomwona dada yangu na kuku akasimama upesi, kisha akakumbuka yeye ni nani.

“Shikamoo, dada. Kuku huyu mbona amekonda? Naye alikimbia vita kwa miguu?”

“Marahaba. Alikimbia wewe ukiwa umejificha chini ya kitanda. Pokea.”

“Mnataka kuniposa? Mimi nina mke.”

“Pokea, mtani,” dada akasema. “Haki yako hiyo. Sasa niambie. Mvinyo uliingia kwenye sufuria, haukuingia?”

Alimpokea kuku kwa mikono miwili. Akamtazama, akanitazama mimi, na uso wake ukabadilika. Nilikuwa sijawahi kuuona bila utani, na ulikuwa uso wa mtu mpole aliyechoka.

“Uliingia, dada. Kikombe kimoja na nusu. Nyama ilikuwa ngumu, nami nilishaona wapishi wa kambi ya gesi wakifanya hivyo.” Akambana kuku kwapani. “Lile sufuria si lenu?”

“Ni la mtaa. La hitima.”

“Huyu hakuniambia,” akasema, naye hakuninyooshea hata kidole. “Na sisi tuna vyombo vya watu wote. Angeniambia, nisingetia hata chumvi kabla ya kuuliza.”

Nilikuwa nimemshuku siku tatu mfululizo. Nilishuku kicheko chake, dini yake, chupa, Mtaliano, mama wa Mtaliano. Mtu mmoja tu sikumshuku, naye ndiye aliyelibeba sufuria mapajani akilifunika kwa karatasi.

Dada alimuuliza mwalimu wa madrasa, na mwalimu akajibu kabla swali halijaisha: liosheni kwa maji, limetoharika, alumini hainywi. “Mungu tumemaliza naye,” dada akaniambia tukirudi nyumbani. “Wamebaki wanawake.”

Alhamisi asubuhi, saa ambayo bomba la maji la mtaa hujaa watu, alilibeba lile sufuria kichwani, likiwa linang'aa, akaniamuru nimfuate na ndoo. Hakwenda pembeni. Alilitua katikati, akafunga kanga kiunoni, akaanza kuosha.

“Mwenzetu, mbona hilo limeng'aa hivyo?” akauliza jirani yetu muuza vitumbua, ambaye jicho lake halikosi kitu. “Limekwenda Ulaya?”

“Ulaya ndiyo iliyokuja kwake,” dada akasema, kwa sauti ya kufika hata nyuma. “Ndugu yangu huyu hapa alilichukua bila ruhusa nikiwa Mute. Likapikiwa nyama kwa mvinyo. Nimeuliza kwa mwalimu, amesema lioshwe. Naliosha mbele yenu. Asiyeridhika na mimi aseme sasa, ayachukue yote matatu.”

Maji yaliendelea kumwagika kwenye ndoo ya mtu na hakuna aliyeifunga koki. Mimi nilisimama na ndoo yangu. Walinitazama wote, kuanzia viatu.

“Mimi nilijua,” akasema mmoja. “Tangu Maputo.”

“Siku nyingine hunukia hiliki. Sasa mtu mzima wa kiume anatafunaje hiliki asubuhi yote ile kama si kuficha harufu?” akadakia mwingine.

“Hiliki ni ya tumbo,” nikasema.

“Tumbo limekunywa nini?”

Wakacheka, na kicheko kile kilikuwa kinanimenya, lakini nilimwona dada mabega yakishuka. Kisha bibi mkubwa kuliko wote pale, mama wa yule marehemu mshona kofia, ambaye hitima ilikuwa ya mwanawe, akasogea. Akaweka mkono ndani ya sufuria, akapitisha vidole pande zote polepole, akavinusa. Marehemu ni mwanawe; akikataa yeye, wamekataa wote.

“Langu nililomwazimisha mtu wa harusi mwaka ule,” akasema hatimaye, “sikuambiwa lilipikiwa nini.” Akamtazama muuza vitumbua, ambaye ghafla aliona ndoo yake imejaa. “Hili nimeambiwa. Kesho nyama ya mwanangu ipikwe humu.” Akanigeukia. “Na huyu ale wa kwanza.”

Ijumaa baada ya sala nilikaa mkekani na wanaume wenzangu, ambao nao walikuwa wamekwisha kusikia, na walionipisha nafasi kubwa kuliko mwili wangu. Wanawake walisimama mlangoni pa ua. Dada mwenyewe alichota kutoka lile sufuria, kitako chake kimeanza kupata weusi upya, akaniwekea sahani mbele, wali na kipande cha nyama cha mfupa. Hakusema karibu.

Nikatafuna. Nilitafuna mbele ya mtaa mzima, upande wa kushoto, kisha wa kulia, nikavuta kwa mkono, nikatafuna tena. Ilikuwa na chumvi, bizari na moshi, basi. Ilikuwa ngumu kama mkanda wa shule, nyama isiyojua mvinyo. Kule mlangoni bibi alinikazia macho akingoja.

“Vipi?” akauliza.

“Haitafuniki, bibi,” nikasema nikiwa bado nayo mdomoni.

“Alhamdulillahi,” akasema, akageuka kuwapakulia wengine.